Kinyume cha 'mbichi' ni kipi?

Zoezi hili analijua kila aliyesoma shule ya msingi nchini. Upande wa kushoto wa ubao yamepangwa maneno kumi ya Kiingereza, upande wa kulia kuna nukta za kujazia, na juu limeandikwa agizo la kutoa kinyume cha kila neno. Linaanza 'big', linafuata 'tall', 'hot', 'rich', halafu mahali fulani katikati linajitokeza 'fresh'. Jibu linalotarajiwa mara nyingi ni 'stale', yaani kilicholala na kupoteza ladha, kama mkate wa juzi. Sasa lichukue neno hilo uliteremshe hadi Kamsamba, kwenye bonde la Rukwa wilayani Momba, ambako samaki wa ziwani ni chakula cha kawaida kuliko mkate. Sokoni samaki wabichi hulazwa upande mmoja na wakavu upande mwingine, na kila kundi lina bei yake na wateja wake. Mtoto aliyekulia hapo akiulizwa kinyume cha samaki mbichi atasema mkavu, na kama Kiingereza chake kinatosha ataandika 'dried'. Atakoseshwa. Jirani yake wa dawati, aliyekariri 'stale' bila kujua ni kitu gani, atapata vema.

Mtoto huyo hajakosea. Kiswahili chake kimemzoesha hivyo tangu akiwa mdogo. Embe bichi kinyume chake ni embe bivu. Kuni mbichi, kuni kavu. Nyama mbichi, nyama iliyopikwa. Samaki mbichi, mkavu, au aliyeoza kama amecheleweshwa njiani. Hakuna mama anayemuuliza binti yake kinyume cha 'mbichi' kisha akangoja jibu moja. Atataja kwanza kitu anachokizungumzia, na kitu hicho ndicho kitakachoamua. Ninachodai hapa ni kwamba Kiingereza nacho kiko vivyo hivyo. Kinyume hakikai ndani ya neno, kinakaa ndani ya sentensi, na orodha za vinyume tunazowapa watoto zinawapokonya maarifa waliyokuja nayo darasani, kisha zinawapa badala yake kitu chepesi kusahihisha lakini hakitumiki popote nje ya daftari.

Nimeitaja Kamsamba kwa sababu. Mkoa wake wa Songwe ni mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na ndani yake Kiingereza hakijagawanywa sawa. Tunduma iko mpakani, inatazamana na Nakonde ya Zambia, nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza, kwa hiyo mabango, fomu na mazungumzo ya madereva wa malori humpitia mtoto machoni na masikioni hata kama hana habari nayo. Kule bondeni, mwisho wa barabara ndefu itokayo Mlowo, mtoto anaishi kwa Kinyamwanga au Kiwanda nyumbani na kwa Kiswahili shuleni na sokoni. Kiingereza anakutana nacho ubaoni tu. Mtoto wa Tunduma mjini akifundishwa neno vibaya, mtaa unaweza kumsahihisha. Wa Kamsamba hana mtaa huo, kwa hiyo anachoandikiwa ubaoni ndicho Kiingereza chote alichonacho. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umelishusha somo hili hadi darasa la kwanza, maana yake miaka ambayo mtoto atakaa mbele ya orodha imeongezeka. Ni vizuri kuuliza orodha hizo zinafundisha nini.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Mtu 'old' hupambanishwa na 'young', lakini shati 'old' hupambanishwa na 'new'. Mzigo 'light' kinyume chake ni 'heavy', chumba 'light' kinyume chake ni 'dark'. Mkono wa 'right' unatazamana na wa 'left', jibu la 'right' linatazamana na la 'wrong'. Kiti 'hard' na kiti 'soft', ila mtihani 'hard' na mtihani 'easy'. Mtu 'short' na mtu 'tall', ila kamba 'short' na kamba 'long'. Haya si maneno ya pembezoni yaliyookotwa ili kuleta ubishi. Ndiyo maneno ya mwanzo kabisa katika lugha ile, na ndiyo yanayojaza orodha zetu. Kadiri neno linavyotumika sana ndivyo linavyobeba maana nyingi, kwa hiyo orodha hupotosha zaidi palepale inapojidai kuwa rahisi. Hata wenye lugha yao waliliona hili mapema. Peter Mark Roget, daktari wa Uingereza aliyechapisha mwaka 1852 kitabu mashuhuri cha kupanga maneno kwa maana, hakuweka neno dhidi ya neno. Alichukua fikra mbili zinazopingana akazipanga katika safu mbili zinazotazamana, na chini ya kila fikra akamwaga maneno kwa makumi. Neno 'antonym' lenyewe hutajwa kuwa lilizaliwa baada ya hapo, katika kitabu cha visawe na vinyume alichokitoa Charles John Smith mwaka 1867. Waingereza walikuwa wakizungumza kwa vinyume kwa mamia ya miaka bila kuwa na jina la kuviita, na hawakupungukiwa kitu.

Orodha inaficha jambo jingine: maneno hayapingani kwa namna moja. Hai na mfu havina katikati. Ukikanusha kimoja umethibitisha kingine. Moto na baridi vina katikati pana, na ndani yake kuna uvuguvugu, ubaridi kiasi, joto la kuvumilika. Mkulima wa ufuta wa Momba ambaye si tajiri si lazima awe maskini, na mtu ambaye hana furaha leo huenda hana huzuni pia, amechoka tu. Kukanusha ni kazi moja na kupinga ni kazi nyingine, lakini mtoto anayejaza nukta upande wa kulia hana mahali pa kuligundua hilo. Mwanaisimu Edward Sapir, katika makala yake ya mwaka 1944 kuhusu namna lugha zinavyopima vitu kwa ngazi, alionyesha kwamba maneno kama 'kubwa' na 'dogo' hubeba ndani yake ulinganisho usiotajwa. Mto Momba ni mdogo ukiuweka kando ya Rufiji. Kwa mtu aliyetaka kuuvuka kwa miguu wakati wa masika kabla ya daraja, ulikuwa mkubwa kuliko mito yote duniani. Nani mwenye haki ya kusema ukubwa wake bila kwanza kuambiwa anaulizwa na nani na kwa ajili gani?

Namna ya tatu ndiyo yenye utamu zaidi, na mkoa wa Songwe umejaa mifano yake. Kuna vinyume vinavyotegemea umesimama upande gani. Daraja la Momba linaiunganisha Kamsamba na Kilyamatundu ya mkoa wa Rukwa. Wa huku wanaita kule ng'ambo, wa kule wanaita huku ng'ambo, na wote wanasema kweli. Nenda Tunduma kwenye duka la kubadilishia fedha utazame ubao wa bei. Una safu mbili, 'buying' na 'selling'. Mfanyabiashara amerudi kutoka Nakonde na kwacha mfukoni, anataka shilingi, kwa hiyo anakuja kuuza kwacha. Akisoma safu ya 'selling' kwa kuwa yeye ndiye muuzaji, atapiga hesabu kwa bei isiyomhusu na kushangaa anapohesabiwa fedha pungufu ya matarajio yake. Ubao ule unasema kwa kinywa cha duka: mteja akiuza, duka linanunua, na bei yake iko kwenye 'buying'. Mtu huyo huenda darasani alipata vema zote kwenye 'buy' na 'sell'. Alijua maneno mawili, hakujua kwamba ni tendo moja linalotazamwa kutoka pande mbili za kaunta. Hali ni hiyo hiyo kwa 'import' na 'export'. Tangu kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilipozinduliwa Oktoba 2019, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na shehena ileile hubeba maneno yote mawili yanayopingana bila lori kusogea.

Hapa ndipo pia unapopata mzizi wa kosa moja linalojulikana Afrika Mashariki nzima, la mwanafunzi anayemwambia mwenzake 'borrow me your pen'. Kiswahili hufanya kazi hii kwa mnyambuliko: unakopa, unakopesha, unapanga nyumba, unapangisha nyumba. Neno 'azima' linaenda mbali zaidi, kwani hutumika pande zote mbili. Niazime kalamu. Nimeazima kalamu kwa Asha. Masikio yetu yanajua nani katoa na nani kapokea kwa kuangalia sentensi, wala hatuchanganyikiwi. Mtoto akivuka kwenda Kiingereza anabeba 'azima' yake nzima nzima na kuikabidhi kwa 'borrow'. Orodha yenye 'borrow' kushoto na 'lend' kulia imekaa ubaoni miaka na miaka, na kosa linaendelea kustawi, kwa sababu orodha haina watu ndani yake. Sentensi moja yenye Asha, Juma na kalamu ingefanya kazi ambayo jozi hiyo haijaifanya kwa vizazi viwili.

Viambishi navyo vina hadithi ya namna hiyo, ila hapa mtoto wetu ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhaniwa. Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua, tega, tegua, anika, anua, vaa, vua. Si mali ya Kiswahili peke yake, ni urithi unaoonekana katika lugha nyingi za Kibantu, kwa hiyo mtoto anayeingia darasani akiwa na lugha mbili za Kibantu kichwani hafundishwi jambo geni anapoambiwa kwamba Kiingereza kina 'lock' na 'unlock', 'tie' na 'untie', 'fold' na 'unfold'. Mwalimu anayeanza na mlango wa darasa, akaufunga na kuufungua huku akitaja kwa lugha zote mbili, amemaliza nusu ya somo kabla ya kushika chaki. Kisha aonyeshe mipaka, maana mipaka ipo pande zote. Kununua si kinyume cha kununa, hata kama mwisho wake unafanana na wa kufungua, na wapo waliowahi kununua huku wamenuna. Vivyo hivyo 'invaluable' si kitu kisicho na thamani, ni kile ambacho thamani yake haipimiki. Mfano mzito zaidi ni wa malori ya mafuta yanayopita Tunduma kwenda Zambia. Neno la zamani la Kiingereza la kitu kinachoshika moto ni 'inflammable', na mwanzo wake ule hauna ukanushi wowote. Katika miaka ya 1920 wataalamu wa kinga ya moto wa Marekani walianza kuhimiza litumike 'flammable', wakihofia kwamba mtu angesoma tangi la petroli akaelewa kuwa haliungui. Kama wenye lugha walihofiana wao kwa wao kiasi hicho, ni ajabu kumtegemea mtoto wa miaka kumi abandike kiambishi na kupata kinyume sahihi.

Vifungu vya maneno ndiyo balaa kabisa. 'Fill in' fomu na 'fill out' fomu ni kazi ileile, ingawa 'in' na 'out' ni miongoni mwa jozi za kawaida katika orodha zetu. Gari linaloambiwa 'slow up' na linaloambiwa 'slow down' yote yanapunguza mwendo. Koti ukili-'take off' kinyume chake ni 'put on'. Ndege iki-'take off' kinyume chake ni 'land'. 'Give up' ipo, 'give down' yake haipo. Vipande vile vidogo haviwezi kugeuzwa kimoja kimoja, vinageuka pamoja na kifungu kizima au havigeuki.

Kama kinyume hakimo ndani ya neno, watu hukijuaje basi? Hapa utafiti una jibu zuri. Mwaka 1991 John Justeson na Slava Katz walipekua mkusanyo wa matini za Kiingereza wenye maneno yapatayo milioni moja, wakaona kwamba vivumishi vinavyopingana hutokea pamoja ndani ya sentensi moja mara nyingi kuliko bahati nasibu ingeweza kueleza, tena mara nyingi vikikaa katika nafasi zinazofanana. Maelezo yao ni kwamba jozi hufungana akilini kwa sababu tunazisikia zikiwa pamoja. Msomaji wa Kiswahili halazimiki kupekua mkusanyo wowote, anazo methali. Mchumia juani hulia kivulini: hapo kinyume cha jua ni kivuli. Twende, iwe jua iwe mvua: hapo ni mvua. Aliyeangalia mbingu atasema ni mwezi. Hakuna aliyetuandikia ubaoni kwamba jua lina vinyume vitatu, lakini hakuna anayekosea, na babu asiyejua kusoma anazipanga jozi hizo bila kusita. Kompyuta zimetoa ushahidi wa ajabu zaidi. Watafiti wa Google wakiongozwa na Tomas Mikolov walipotangaza mwaka 2013 njia ya kuifunza mashine maneno kwa kuangalia majirani zake, ilionekana kwamba kwa mashine hiyo 'hot' na 'cold' ni ndugu wa karibu, kwa kuwa yanatembea na marafiki walewale. Mashine ilichek­wa kwa hilo, nadhani bila haki. Vinyume kweli ni ndugu: vinakubaliana katika kila kitu isipokuwa jambo moja. Mume hupambanishwa na mke kwa kuwa wote ni wanandoa. Hakuna anayempambanisha mume na jiwe. Jambo hilo moja linalotofautisha ndilo sentensi hulionyesha, na ndilo orodha hulificha.

Kuna watakaosema mambo haya ni ya wasomi, na kwamba anayeanza lugha apewe kwanza vitu vyepesi: 'big' na 'small', 'open' na 'close', maneno ambayo hayana utata. Hoja hii ina nguvu na sina haja ya kuikataa yote. Ziko jozi chache zinazoweza kuimbwa darasani wiki za mwanzo bila madhara, na kuimba kuna faida yake kwa ulimi. Ninachokataa ni dhana iliyofichwa ndani yake, kwamba neno likiwa peke yake ni rahisi kuliko likiwa kwenye sentensi. Ni kinyume kabisa. Neno pweke halimpi mtoto msaada wowote. 'Light' iliyoachwa ubaoni yenyewe inamtaka akisie aliyeiandika alikuwa akiwaza nini. 'This bag is light' ni maneno manne, na matatu ya kwanza yanalifanyia kazi la nne. Kama hawezi kusoma maneno manne, kujua 'heavy' hakutamsaidia, maana hatakutana na 'heavy' mahali popote ikiwa imesimama peke yake.

Watakuja wa mtihani. Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hupokea kila mwaka watahiniwa zaidi ya milioni moja wa kumaliza elimu ya msingi. Kazi ya ukubwa huo haiwezi kusahihishwa kwa mjadala. Inahitaji jibu moja, linalojulikana kabla. Sawa kabisa, na ndiyo maana neno pweke halifai. 'Light' peke yake ina majibu mawili sahihi, kwa hiyo mtunzi analazimika kujifanya hajaliona moja, na mtahiniwa analazimika kubahatisha ni lipi lililofichwa. Ukiandika kwamba mtu anaweza kulibeba sanduku kwa sababu ni 'light', jibu limebaki moja tu, na mashine italisahihisha bila shida. Anayetaka jibu moja anapaswa kuwa wa kwanza kuitetea sentensi. Wakati nao ni mzuri. Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya linatarajiwa kumaliza pamoja na darasa la saba la mtaala wa zamani, na maswali ya namna mpya hayana budi kutungwa. Somo la Kiingereza kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa masomo ya mkiani katika matokeo ya darasa la saba. Sidai kwamba orodha za vinyume ndizo zilizolifikisha huko. Nadai tu kwamba somo lililoko mkiani halina sababu ya kung'ang'ania zoezi linalowakosesha hata wanaojua.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote ni la mwalimu, na huwa halisemwi waziwazi. Idadi ya watoto darasani, vitabu vya kugawana, chaki: hayo yanasemwa, na majibu yake si magumu, kwa kuwa sentensi tano zina kazi kubwa kuliko maneno ishirini na ni chache za kusahihisha. Lisilosemwa ni kwamba orodha humlinda mwalimu. Ukimpa mtoto 'fresh fish' akajibu 'dried', mwenzake akajibu 'rotten', wa tatu akajibu 'frozen', inabidi mwalimu aamue papo hapo kama yote yanakubalika, na kwa nini 'stale' ndiyo inayosikika vibaya zaidi kwenye samaki. Uamuzi huo unataka mtu aliyezoeana na Kiingereza, na walimu wengi wa shule za vijijini wamefundishwa Kiingereza kwa orodha zilezile wanazozifundisha. Kuwalaumu ni uonevu. Kinachowezekana ni kiongozi cha mwalimu kinachotolewa na Taasisi ya Elimu kiwe na sentensi, na kando ya kila sentensi majibu yote yanayokubalika na yale yasiyokubalika pamoja na sababu zake. Kinachowezekana vilevile ni kumruhusu mwalimu atumie Kiswahili bila kujificha. Ziko shule ambako neno la Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni kosa la kuadhibiwa, na matokeo yake mwalimu hathubutu kuuliza darasa kinyume cha kuni mbichi na cha embe bichi, swali ambalo lingelifungua somo zima kwa dakika tano. Wanaotetea marufuku hiyo husema mtoto atazoea kutafsiri. Lakini hapa hatafsiri kitu. Anakumbushwa ujuzi alionao ili ajue autafute wapi katika lugha nyingine.

Mwisho wapo watakaoona kwamba tumeacha tembo tukashika sisimizi: kwamba mjadala wenye maana ni wa lugha ya kufundishia sekondari, ule ambao Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kipande hadi huko, na sera ya 2014 ikafungua mlango kwa lugha zote mbili bila kidato cha kwanza kubadilika. Ni kweli mjadala ule ni mkubwa. Lakini alimradi haujaisha, mtoto wa Kamsamba atavuka kwenda kidato cha kwanza na kukuta kwamba masomo yenyewe yamejengwa kwa vinyume. 'Expand' na 'contract', 'evaporation' na 'condensation', 'acid' na 'base'. Kwenye kemia 'base' inatazamana na asidi. Kwenye jiografia 'base' ya mlima inatazamana na kilele. 'Positive' aliyoikariri pamoja na 'good' atakutana nayo kwenye biolojia katika majibu ya kipimo cha VVU, na huko haimaanishi habari njema hata kidogo.

Ila somo linaloumbua orodha kuliko yote ni lile la utunzaji wa vitabu vya hesabu. Mfanyabiashara wa ufuta ameweka benki shilingi 500,000. Katika daftari lake la fedha kiasi hicho kinaandikwa upande wa 'debit', kwa kuwa fedha yake benki imeongezeka. Taarifa anayopewa na benki inakionyesha kiasi hichohicho kama 'credit', kwa kuwa benki sasa inadaiwa naye. Mwanafunzi aliyebeba 'debit' na 'credit' kama jozi ya ubaoni atahitimisha kwamba mmoja kati ya makarani wawili amekosea, ataanza kufuta, na hesabu za kulinganisha daftari na taarifa ya benki hazitakubaliana mpaka kipindi kiishe. Aliyezoea kuuliza sentensi hii inasemwa na nani, na kuhusu kitu gani, ataziacha tarakimu zote mbili zilipo na kuendelea na mstari unaofuata.